Kuendesha mazoezi ya mazungumzo magumu wodini, bila projekta

Ukiambiwa na mganga mfawidhi uandae "mafunzo ya mawasiliano" kwa watumishi, kitu cha kwanza: projekta iache ofisini. Semina za aina ile tunazijua. Mkufunzi anasoma slaidi iliyoandikwa "sikiliza kwa makini, onesha huruma", watu wanasaini karatasi ya mahudhurio, wanakula wali kuku, na kesho yake daktari yuleyule amesimama mlangoni mwa wodi, mkono mmoja kwenye kitasa, anamwambia mama wa watu, "Majibu yametoka, si mazuri sana, utaonana na bosi Jumatatu." Hana roho mbaya. Hajawahi kulitamka jambo lile mbele ya mtu wa kumsahihisha, basi.

Kuweka kanula, ule mrija wa kupitishia dawa mshipani, hatukujifunza kwa slaidi. Ulianza na mkono wa mpira, ukatoboa huku sista amekusimamia, akakurekebisha pembe ya sindano, ukarudia. Habari nzito zinafundishwa hivyohivyo: mtu anakaa kwenye kiti mbele ya mwigizaji anayecheza ndugu wa mgonjwa, anasema, anasimamishwa, anarudia.

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi wodi ya watoto, baadaye wodi ya wanawake, katika hospitali moja ya rufaa hapa Dar, na siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuendesha mazoezi haya kwa madaktari watarajali (waliomaliza chuo na bado wako mazoezini), wauguzi na maafisa ustawi wa jamii. Naandika ninavyofanya. Kama hospitali yako ina utaratibu wake mzuri, chukua unachokihitaji hapa na uendelee na wako.

Watu na chumba

Wanane wanatosha, kumi ndiyo mwisho. Wakizidi hapo, nusu watakuwa watazamaji, na mtazamaji hajifunzi isipokuwa kuchekelea. Changanya kada: mtarajali, muuguzi wa zamu, afisa ustawi wa jamii, mkunga. Na usimsahau mhudumu. Tunapanga nani atasema, wapi, kwa maneno gani, halafu ndugu wanajua kila kitu pale wanapomwona mhudumu akisukuma kitanda kilichofunikwa shuka gubigubi kuelekea mochwari, wao wakiwa wamekaa kwenye benchi la nje na chupa ya uji. Mhudumu naye ana la kuzoezwa: akiulizwa na ndugu, anajibu nini, anawapeleka kwa nani.

Daktari bingwa akitaka kuhudhuria, karibu, lakini acheze. Asikae nyuma amekunja mikono. Mtarajali hawezi kujaribu kitu kigumu mbele ya mtu anayemjazia fomu ya tathmini. Nimeshawahi kumwomba bingwa mmoja acheze ndugu wa mgonjwa, akacheza vizuri kuliko wote, na tangu siku ile anakaa chini akizungumza na wagonjwa.

Chumba kiwe kilekile mnachokitumia kweli. Hospitali nyingi za hapa mjini hazina chumba cha mazungumzo. Kuna ofisi ya sista yenye makatoni ya glovu hadi dirishani, meza moja, feni inayopiga kelele. Sawa, fanyeni mazoezi humohumo. Zoezi la kwanza kabisa ni kukiandaa: makatoni pembeni, meza isukumwe ukutani isikae katikati yenu, viti vya plastiki vyenye kimo kimoja, feni izimwe mazungumzo yakianza hata kama kuna joto la Februari. Simu ya daktari apewe mwenzake mkononi. Kuiweka kimya mfukoni hakutoshi, kwa sababu ikitetemeka macho yataenda mfukoni na ndugu ataona. Weka maji ya chupa na tishu mahali mkono unapofika bila mtu kuinuka. Kikaratasi cha "usiingie" kibandikwe mlangoni, na mtu mmoja apewe kazi ya kukilinda, maana kikaratasi peke yake hapa kwetu hakimzuii mtu.

Nani aigize ndugu

Wazo la kumtumia mtu mwenye afya njema kuigiza mgonjwa kwa ajili ya kufundishia si geni. Howard Barrows, daktari wa mishipa ya fahamu, alilianzisha Los Angeles mwaka 1963, na leo vyuo vya udaktari duniani kote vinalitumia. Hapa tunalifanya kwa uwezo wetu.

Usiwape watumishi wenzako nafasi ya ndugu, isipokuwa umekosa kabisa. Watacheka, au watakuwa ndugu wapole mno, wanaoelewa istilahi zote. Tafuta kikundi cha maigizo cha mtaani. Dar haina upungufu wa vikundi hivyo. Wanafunzi wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaweza, na Bagamoyo kuna TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, ambako watu wanasomea kuigiza. Mimi napenda zaidi mama wa makamo aliyewahi kuuguza. Huyo hahitaji kufundishwa jinsi ndugu anavyoshika mkoba wakati anasubiri majibu. Muulize mapema, faraghani, kama ana msiba wa karibu. Akiwa nao, mpe nafasi nyingine au mwache apumzike. Na umlipe: nauli, chakula, na malipo ya kazi. Kulia kwa mchana mzima ni kazi.

Mpe ukurasa mmoja, si zaidi. Aandikiwe yeye ni nani, anajua nini hadi sasa, anaogopa nini, na kitu kimoja ambacho hatakisema mpaka aulizwe. Hicho cha mwisho ndicho moyo wa zoezi. Kwa mfano: wewe ni Mama Rehema, unauza vitumbua Tandika, mwanao wa bodaboda amegongwa Kilwa Road na yupo ICU siku ya tatu, unachokificha ni kwamba pikipiki ulimnunulia wewe, kwa pesa za kikoba. Daktari asipouliza, hutasema, na mazungumzo yote yatakuwa yanagonga ukuta bila yeye kujua kwa nini.

Visa vitungwe. Usichukue kisa cha mgonjwa ambaye mtu yeyote chumbani anaweza kumtambua, hata ukibadilisha jina na mtaa. Wodi ni ndogo.

Hatua sita, na mahali zinapogoma

Wengi wa watarajali wameshasikia chuoni kuhusu SPIKES, hatua sita zilizochapishwa mwaka 2000 na Walter Baile, Robert Buckman na wenzao waliokuwa wakihudumia wagonjwa wa saratani Marekani na Kanada. Ni nzuri, nazitumia. Kwa Kiswahili cha wodini nawaambia hivi: andaa mahali; muulize anajua nini; muulize anataka kujua kiasi gani; sema, kwa sentensi fupi; pokea kinachomtoka; kisha mpange kinachofuata. Anayesahau zote akumbuke hiyo ya pili. "Hadi sasa mmeambiwa nini?" Swali hilo moja linaokoa nusu saa, kwa sababu utagundua mmoja aliambiwa ni uvimbe wa kawaida, mwingine ameambiwa na mtu wa maabara kwamba ni kansa, na wa tatu amesoma kwenye simu.

Zinapogoma ni hapa: ziliandikwa zikimfikiria mgonjwa mmoja aliyekaa mbele ya daktari mmoja. Wewe unamkuta mgonjwa kitandani na ukoo chini ya mwembe. Wameshakaa kikao. Wamemteua msemaji, mara nyingi baba mkubwa au mjomba aliyefika na basi la alfajiri, ambaye hajawahi kuonana na mgonjwa tangu augue lakini ndiye mwenye neno la mwisho. Na ombi lao la kwanza ni kwamba mgonjwa asiambiwe.

Hili nalipa muda mwingi kuliko visa vingine vyote. Mgonjwa wetu wa kutungwa ni mama wa miaka 58 mwenye saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake nchini, na imeshatoka nje ya kizazi. Anatakiwa kuandikiwa rufaa. Ndugu wanaingia, mzee wa kanzu mbele, vijana wawili nyuma. Raundi ya kwanza huwa hivi karibu kila mara:

"Daktari, sisi tumeshakubaliana. Dada asiambiwe. Ana presha. Mwambie ni vidonda tu."

"Hapana mzee, mgonjwa ana haki ya kujua hali yake. Ni sheria."

Hapo nasema "simama". Alichosema mtarajali ni kweli, na mlango umeshafungwa. Mzee amekunja uso, vijana wanatazamana. Namuuliza mtarajali: unajua kwa nini hawataki? Hajui. Basi turudi mwanzo, ingia upya, na safari hii usijibu ombi kabla hujajua limetoka wapi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sisi tumeshakubaliana, dada asiambiwe."

"Nimekusikia, mzee. Naona mnampenda na mnataka kumkinga. Mnaogopa nini kitatokea akijua?"

Mwigizaji anakaa kimya kwanza. Kisha: "Mdogo wetu wa mwisho aliambiwa hivihivi, hospitali nyingine. Alirudi nyumbani akageukia ukuta. Hakula tena. Wiki mbili hazikuisha."

Mtarajali mzuri hapa hasemi chochote kwa muda. Halafu: "Poleni sana. Kumbe mmeshapita njia hii." Kimya tena. "Dada mwenyewe amewauliza chochote?"

"Anauliza kila siku. Kwa nini damu haikati."

"Nanyi mnamjibuje?"

Mzee anatazama chini. "Tunamwambia asali."

Sasa kuna kitu cha kuzungumza. Mtarajali anaweza kusema: "Mzee, sitaingia wodini kumrushia habari. Nitamuuliza anataka kujua kiasi gani. Akisema nizungumze na kaka yake, nitazungumza na wewe. Akisema anataka kujua, nitamwambia taratibu, na wewe utakuwa umekaa pembeni yake. Ila akiniuliza waziwazi, sitamdanganya." Na kuna hoja ambayo Dar nzima inaielewa, ambayo mzee huyu akiambiwa kwa upole huwa anaitikia kwa kichwa: rufaa ni ya Ocean Road. Jina la taasisi lina neno saratani, na hata asiyejua kusoma atasikia kutoka kwa wenzake kwenye foleni. Je, bora ayasikie kwa kaka yake akiwa ameshikwa mkono, au kwa mtu asiyemjua kwenye benchi?

Zingatia kwamba hatukumshinda mzee. Kisa kinaweza kuisha bila yeye kukubali, na hilo namwambia mwigizaji mapema: usikubali kwa sababu tu daktari amekuwa mpole. Asipokubali, mtarajali ajifunze kusema, "Basi tuonane kesho saa nne, na yule dada yenu mwingine wa Morogoro akifika aje pia," badala ya kulazimisha mwafaka siku hiyohiyo.

Mpaka mmoja nauweka wazi kabla ya kuendelea. Majibu ya Virusi vya Ukimwi ni ya aliyepimwa. Sheria ya mwaka 2008 inalinda usiri huo, na baba mkubwa hana nafasi pale hata akiwa ndiye anayelipia matibabu. Kwa hiyo zoezi moja fupi liwe la kumjibu ndugu anayeuliza, "Kwani ni ule ugonjwa?" Jibu ni lilelile awe anao au hana: "Vipimo vyake nazungumza naye mwenyewe." Ukisema "hapana" kwa yule asiye nao, umemtangaza anayefuata utakayemnyamazia.

Sekunde kumi

Kitu kigumu kuliko vyote kukifundisha ni kunyamaza. Mtarajali anasema, "Majibu yanaonesha ni saratani, na imesambaa," na kabla mama hajapumua anaendelea: kuna mionzi, kuna dawa za dripu, wenye bima utaratibu wao ni huu, wasio na bima ni ule. Mwigizaji ukimuuliza baadaye amesikia nini baada ya neno saratani, atakwambia: feni.

Dawa yake ni ya mkono. Nawaambia: ukishasema, weka mikono mapajani, hesabu vidole polepole, kumi vyote. Ni ndefu mno mara ya kwanza. Wenzake pembeni wanaanza kujikuna. Mwigizaji naye ana maelekezo: ukiachiwa kimya, sema kile ulichokuwa unakificha, usipoachiwa, kibaki nacho. Ndiyo maana nawalipa waigizaji wazuri.

Kuna kishawishi kingine cha kujaza kimya, nacho ni "tumwachie Mungu". Ndugu wakisema wao, pokea, itikia. Wengine wataomba pale pale na wewe utainamisha kichwa. Lakini mtumishi asiwe wa kwanza kuitamka. Ikitoka kwa daktari, ndugu wengi wanasikia kwamba hospitali imenyoosha mikono. Wapo wakufunzi wenzangu wasiokubaliana nami, wanasema watu wetu wanafarijika na neno la Mungu litoke kwa yeyote. Mimi bado nashikilia: muulize kwanza nguvu anaipata wapi, akikutajia mchungaji wake au shehe wake, mkaribishe aje.

Vilevile ndugu wakisema wanampeleka kwenye maombi au kwa mtaalamu wa kienyeji, usitoe hotuba. Uliza wanaenda lini, kwa siku ngapi, na dawa zake ataendelea nazo? Mwenye kugombezwa hatarudi kliniki, na atarudi wakati hakuna la kufanya.

Morfini ya kunywa inastahili zoezi lake dogo. Familia nyingi zikiiona zinadhani ni dawa ya kumalizia. Hapa tena swali kabla ya maelezo: "Mmesikia nini kuhusu dawa hii?" Kisha sema kwamba ni ya maumivu, kwamba mtu anaweza kuitumia kwa miezi na akaendelea na shughuli zake, na kwamba itamfungia choo kwa hiyo kuna dawa nyingine ya kulainisha. Hilo la choo ndilo linalowafanya waamini unaijua.

Simu ya saa nane usiku

Kisa cha kifo kifanywe kwa simu halisi. Mwigizaji akae korido ya pili, mlango umefungwa, mtarajali apige. Wengi wanaanza na ile sentensi tuliyoirithi: "Mgonjwa wenu hali imebadilika, njooni." Kila familia ya Dar inajua maana yake. Wanaamka saa nane usiku huko Chanika, wanatafuta bodaboda, watatu juu ya pikipiki moja, njia nzima wanalia au wanakimbizana na kitu ambacho wewe unajua kimeshapita.

Sisemi kila kifo kitangazwe kwa simu. Nasema uulize kwanza: naongea na nani, uko wapi, uko na nani hapo, unaendesha? Aliye peke yake na anaweza kufika, mwambie hali ni mbaya sana na aje na mtu mzima mwenzake, asubiri usafiri salama. Aliye Mwanza au Muscat, utamwambia kwa simu, hana njia nyingine. Na yeyote akikuuliza, "Amefariki?", hujibu "njooni tu". Unajibu ndiyo, unampa pole, unabaki kwenye laini.

Wakifika, salamu ziwe fupi. Usipitie historia yote ya matibabu tangu Jumanne ukitafuta pa kutulia. Wakishakaa: "Nina habari nzito. Juma amefariki, saa saba na robo usiku huu. Poleni sana." Jina lake, si "mgonjwa", si "kitanda namba sita". Halafu vidole kumi.

Kilio kitatoka. Hapa kwetu kilio kina sauti, na mama anaweza kujitupa chini. Mwigizaji wangu mmoja anaanguka kweli, khanga inamtoka begani, na kila mara namtazama mtumishi: wengi wanarudi nyuma hatua moja, wengine wanasema "mama nyamaza, kuna wagonjwa". Mara moja muuguzi wa wodi ya wazazi alikaa chini sakafuni pamoja naye, akamfunika na ile khanga, akamshika bega, hakusema neno. Nikasimamisha zoezi, nikawaambia wengine waangalie tu alivyokaa. Kuhusu wagonjwa wengine ni suala la mpango: nani anaongoza ndugu kutoka, wanaelekea wapi, nani anabaki nao. Panga kabla hujapiga simu.

Baada ya hapo ndugu wanahitaji mambo ya vitendo, na mtumishi asiyeyajua anaonekana hana huruma hata akiwa na machozi. Waislamu wengi watataka kuzika siku hiyohiyo, kwa hiyo kibali cha mazishi kiandaliwe mapema. Wanaosafirisha kwenda Bukoba au Moshi watauliza mochwari na hifadhi ya mwili. Wote waambiwe kwamba cheti cha kifo kinashughulikiwa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Simu, pete na pochi ya marehemu vihesabiwe mbele ya watu wawili na kusainiwa. Bili asiitaje daktari katika pumzi moja na kifo. Amwite ustawi wa jamii, ndiyo kazi yake, na ndiyo sababu tulimwalika kwenye mazoezi.

Mtoto aliyefia tumboni ni kisa ambacho wakunga hunitaka nikiruke. Sikiruki, ila nakiweka mwisho na yeyote anaweza kutoka. La msingi pale ni kitanda: usimwache mama yule katikati ya wenye watoto wanaonyonya. Na muulize kama anataka kumwona mwanawe. Usimjibie, wala usimwache mama mkwe amjibie.

Ndugu mwenye hasira na kamera

Siku hizi hasira inakuja na simu imeinuliwa. "Tangu asubuhi hakuna daktari, nawarekodi, hii inaingia kwenye magrupu." Mtumishi anaruka kunyakua simu, na hiyo ndiyo klipu itakayosambaa. Zoezi lake ni fupi: usiiguse simu, usiitazame, mtazame mtu. Mkaribishe akae. Sema kile ambacho ni kweli katika malalamiko yake kabla ya kueleza kingine chochote: "Umekaa tangu saa mbili bila mtu kukuambia kitu. Una haki ya kukasirika." Mwombe asiwarekodi wagonjwa waliolala pale, kwa ajili yao, si kwa ajili yako. Wengi wanashusha simu wenyewe. Asiyeshusha, endelea kuzungumza kana kwamba ameshusha, na mwombe afisa husika aje.

Kama kweli kuna kosa lilifanyika wodini, usitengeneze maneno hapohapo wala usimtupie mwenzako wa zamu iliyopita. Sema kinachojulikana, sema kinachochunguzwa na lini watajibiwa, kisha wajibiwe siku hiyo kweli.

Kurudisha mrejesho

Utaratibu wangu haubadiliki. Wa kwanza kusema ni aliyecheza mtumishi: wapi alihisi amekwama. Wa pili ni mwigizaji, akiwa bado ndani ya uhusika: "Uliposema 'kwa bahati mbaya' nilijua, kwa hiyo kile ulichoendelea kusema sikukisikia." Ndipo wengine, na hapo nawabana. "Ulikuwa vizuri" hairuhusiwi; sema sentensi gani. "Ungeonesha huruma zaidi" hairuhusiwi; ungesema nini, kaa kwenye kiti useme. Baadaye aliyecheza anarudia kipande kimoja tu, dakika mbili, pale alipokwama. Bila kurudia hakuna mazoezi, kuna maonesho.

Kila kisa kikiisha mwigizaji avuliwe uhusika. Anasimama, anataja jina lake halisi, mtaa anakoishi, na alichokula asubuhi. Watu wanacheka, na ndiyo makusudi. Mtumishi aliyelengwa na machozi mpe chai na muda, jioni mpigie.

Faili, na ratiba

Watarajali wakishajua kuzungumza wanasahau kuandika. Zoezi la mwisho ni mistari minne kwenye faili. Kitu kama: "Saa 10 jioni, ofisi ya sista. Waliokuwepo: mgonjwa, kaka yake, muuguzi wa zamu. Ameelezwa kuwa ni saratani na kwamba imesambaa. Ameomba kaka yake aelezwe kuhusu mionzi. Ameuliza kama atapona. Amejibiwa kuwa tiba inalenga kupunguza damu na maumivu. Kikao kingine Alhamisi dada yake wa Morogoro akifika." Zamu ya usiku isome hayo kwenye makabidhiano, kwa sababu mgonjwa atamuuliza tena muuguzi wa saa tisa usiku, na akipata jibu tofauti kazi yote ya mchana imeharibika.

Muda mzuri ni saa nane mchana, raundi imeisha, hadi saa kumi na moja kabla foleni za Mandela na Morogoro hazijafunga. Visa vinne vinatosha. Uongozi ukisema hakuna fungu, usisubiri: chukua kisa kimoja, mwigizaji mmoja, nusu saa baada ya ripoti ya asubuhi, siku moja kwa wiki, na soda mchangiane. Anza na kile cha baba mkubwa.